Membe Aliyekaa Kati Yetu

Mimi nina hasira za karibu, na ninauza vipuri chakavu vya malori hapa Mpemba, jirani na Tunduma, kando ya barabara kuu. Mambo hayo mawili yanaendana. Dereva aliyekwama kwenye foleni ya mpakani akija dukani na maneno yake, na mimi nampa yangu, tunamalizana, anaondoka na springi yake. Watu siwaonei haya. Mtu mmoja tu duniani ndiye niliyekuwa nikimwonea haya, naye ni mama yake mke wangu.

Sisi kwetu ni Mbozi, Wanyiha wa kahawa na mahindi, na haya ya ukwe tunaijua. Lakini mke wangu nilimtoa Momba, kwa Wanamwanga, na ukoo wake wanaishika kwelikweli. Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawapeani mkono, hawaongei wawili. Ukimwona anakuja njiani, wewe unaingia majanini mpaka apite, hata kama majani yana upupu. Zipo familia ambazo mkwe hufanyiwa sherehe akaingizwa ndani, akapikiwa, na baada ya hapo haya inapungua. Baba mkwe wangu alifariki kabla sijafanyiwa, na baada ya msiba ule hakuna aliyelianzisha tena jambo hilo. Mchungaji wetu husema hayo ni mambo ya kale. Sawa, lakini haya haisikii mahubiri.

Mwaka huu, mvua zilipokaribia, mke wangu akamleta mama akae kwetu, maana nyumba yake kule kijijini ilikuwa inavuja. Tukampa chumba cha uani, kile ambacho mlango wake una pazia na unatazamana na jiko la nje. Uani kwangu ndiyo stoo. Pana rimu za matairi, springi, madifu mawili, yale mabonge ya chuma ya katikati ya ekseli, na giaboksi moja ambayo nimeshindwa kuiuza. Choo kiko nyuma kabisa, baada ya vyuma vyote hivyo.

Mama alikuwa hatoki peke yake. Mke wangu akienda bombani, mama yuko nyuma yake, ameshika ncha ya kitenge cha mwanawe, wanacheka. Mke wangu akienda chooni, na mama naye. Mimi nilidhani ni mapenzi tu ya mtu na mamaye. Mke wangu naye alidhani hivyo hivyo.

Kisha simu ikapigwa. Mjomba wa mke wangu amefariki ng'ambo, Zambia, kijiji cha ndani huko baada ya Isoka. Watoto wetu wako shule za bweni. Mke wangu akafunga mzigo haraka haraka, akanivuta pembeni.

"Nazika, narudi," akasema. "Mama nimekuachia, anasema miguu yake haiwezi safari hii. Mpikie, weka mlangoni, kohoa, ondoka. Usije ukamsemesha ukaniaibisha."

"Mimi mtoto?" nikamwambia.

Akavuka mpaka, na mvua nayo ikaanza, ile mvua isiyopumua. Redio ikasema kuna kimbunga kimepiga Msumbiji na upepo wake unatufikia huku. Mke wangu alipiga mara moja, sauti inakatika: wamezika, lakini daraja la kutoka kijijini limezolewa, na chaji inaisha. Baada ya hapo namba yake haikupatikana tena.

Basi tukabaki mimi na mama mkwe, uani, katikati yetu pazia. Nikapika ugali na maharage, nikaweka mlangoni, nikakohoa, nikakimbia. Nikarudi, sahani tupu. Nikakohoa tena, nikachukua sahani. Jamani, ukitaka kujua ukimya ni nini, kaa na mkweo bila mtu wa katikati. Hata "ahsante" haina njia ya kupita.

Asubuhi moja, nikiwa nimejibanza jikoni napuliza moto, kitu kikagonga bati, pu! Kikateleza, kikaanguka mbele ya mlango wa mama. Nikasikia kilio kikali cha kukwaruza, kama bawaba isiyo na mafuta. Mkono wa mama ukatoka chini ya pazia, ukapapasa tope, ukakipata kile kitu, ukakivuta ndani.

Halafu nikamsikia. "We ndege," akasema, kwa sauti ya kutaka isikike, "mbona una miguu ya bata na mkia wa mbayuwayu? Nilidhani wewe kuku wa jirani. Mwambie mwenye nyumba hii kuwa umeanguka, na moyo wako unakwenda mbio."

Moto ukanizimikia. Mwenye nyumba ndiye mimi. Hakuniambia mimi, kamwambia ndege, kwa hiyo mila haikuvunjwa. Nikatafakari kidogo, nikaona na mimi naweza. Nikasema, nikiwa nimeupa mlango mgongo, "We ndege, mwambie mama lipo tenga tupu hapo pembeni, akuweke humo, akufunike na kitambaa."

"We ndege, mwambie mwenye nyumba nimesikia."

Loo! Nilijisikia kama mtu aliyefunguliwa pingu. Toka siku ile tukawa na mtu wa katikati. Kila neno lilipita kwa ndege. Mwambie mwenye nyumba kuni zimelowa. Mwambie mama leo kuna mchicha. Mwambie mwenye nyumba chakula tumemaliza chote, mimi na wewe. Hilo la mwisho alilisema kila siku, na mimi nilikuwa nafurahi kwamba ndege anakula.

Kilichobaki ni kujua ni ndege gani. Mimi nikishikwa na jambo silali. Bata hana mkia wa mbayuwayu, na mbayuwayu hana miguu ya bata. Ningefunua pazia nikamwona mwenyewe, lakini nyuma ya pazia yupo mama mkwe. Basi nikawa nauliza nikiwa jikoni.

"We ndege, mwambie mama anieleze mdomo wako."

"Mwambie, mwembamba, umechongoka, urefu wa kidole changu cha kati. Mabawa nimeyakunjua yamepita mapaja yangu huku na huku, lakini mwili ni wa njiwa tu. Vidole vimeunganishwa kwa ngozi laini. Manyoya ya mkia ya pembeni ni marefu, ya katikati mafupi."

Nilistaajabu. Hata fundi wangu hawezi kunieleza kipuri namna ile. Nikauliza, "Na rangi yake?"

Akakohoa kidogo.

"We ndege, mwambie mama, rangi."

"Rangi ya ndege," akasema.

"Mweupe?"

"Ndiyo, mweupe."

"Au mweusi?"

"Na weusi upo."

"Kijivu je?"

"Kijivu nacho hakikosekani."

Nina rafiki niliyesoma naye sekondari, sasa anatembeza watalii mbugani. Nikampelekea yale maelezo yote. Akanicheka. "Bila rangi nikuambie nini, bwana? Wa namna hiyo wako wengi." Akanitumia picha za ndege kadhaa, nimlinganishe. Nikazihifadhi kwenye simu, nikafungua ya kwanza, nikaiweka simu sakafuni kwenye kizingiti, nikakohoa, nikarudi jikoni.

"We ndege, mwambie mama aangalie picha hizo. Ni yupi kati yao?"

Mkono ukatoka, ukapapasa, ukachukua simu. Ikakaa ndani muda. Kisha ikarudishwa kizingitini, taa yake bado inawaka.

"Mwambie mwenye nyumba, ndiye huyo huyo wa kwanza. Hata jicho ni lake."

Nikaenda kuichukua. Picha iliyokuwa wazi ilikuwa ya difu la lori, lenye grisi, niliyompigia mteja wa Mlowo. Kidole chake kilikuwa kimetelezesha kioo.

Hapa ndipo ninapojionea aibu, na hadi leo nikikumbuka masikio yanapata moto. Sikufikiri. Damu ilinipanda. Nilisimama katikati ya uani kwenye mvua, nikapaza sauti ambayo nadhani jirani aliisikia. "We ndege! Mwambie mama asinifanye mtoto mdogo! Kama ananicheka aseme! Mara mweupe, mara mweusi, sasa ananiambia difu lina jicho!"

Nyuma ya pazia ikatoka sauti ndogo, ya mtu aliyekamatwa. "We ndege, mwambie mwenye nyumba anisamehe."

Anisamehe! Mama mkwe ananiomba msamaha mimi, na nimemfokea kwa kinywa hiki. Kwetu mtu anayefanya vile hutozwa mbuzi, na ukoo mzima hukaa kumtazama. Nikarudi jikoni, nikakaa kwenye kigoda, hasira imenitoka yote. Kuiona ile sura ya difu tena kwenye simu ndiko kulikonifungua akili. Mtu mwenye macho hawezi kulichukulia lile dude kuwa ndege, hata akiwa anatania. Na mama yule si wa utani.

Nikaanza kuunganisha. Mkono unaopapasa tope. Ndege aliyedhaniwa kuku. Maelezo yote ya vidole, rangi hakuna. Ncha ya kitenge cha mke wangu, bombani, chooni, kila mahali. Yesu wangu. Mama alikuwa haoni.

Sikumwambia kitu. Nilisema tu, kwa upole ambao haukunizoea, "We ndege, mwambie mama akutoe nje na tenga lako upate hewa." Tenga likasukumwa mpaka kizingitini. Nikafunua kitambaa, na kwa mara ya kwanza nikamwona mgeni wetu.

Alikuwa mweusi mgongoni, mweusi wa masizi ya chungu, kuanzia utosini hadi mkiani. Chini kote mweupe. Kwenye paji la uso ana baka jeupe, na mstari mweusi unatoka mdomoni kukatiza mpaka kwenye jicho. Kijivu hakikuwepo hata chembe. Alinitazama bila kuogopa, kama mtu aliyechoka mno hata kuogopa. Nikampiga picha.

Rafiki yangu alijibu pale pale kwa sauti, na safari hii hakucheka. "Wee! Umempata wapi huyo? Huyo ni membe, lakini si wale wa ziwani. Huyo ni wa bahari kuu kabisa, wanazaliana visiwani huko, Shelisheli na kwingineko, maelfu kwa maelfu. Kimbunga kimemsukuma. Sikiliza maajabu yake. Akishaondoka kisiwani alikozaliwa, anaweza kukaa angani miaka bila kutua. Majini hakai, maana manyoya yake yanalowa, si kama ya bata. Analala huko huko juu, akiruka. Anarudi nchi kavu siku anayotaka kutaga."

"Na anakula nini?" nikamuuliza.

"Visamaki na ngisi wadogo. Anavidonoa juu ya maji jodari wanapovikimbiza."

"Ugali na maharage?"

"Ugali! Huyo hata hajawahi kusikia harufu yake. Atakufa kabla hajaugusa."

Nikaizima simu. Chakula tumemaliza chote, mimi na wewe. Sasa kama ndege hali ugali, nani alikuwa anamaliza sahani zile za kushiba mwanamume?

Nikazunguka nyuma ya nyumba. Chini ya dirisha la mama, kuku wa jirani wamejipanga kama waumini wanaosubiri sadaka igawiwe wao. Punje za maharage zimezagaa kwenye tope. Kuku wale nilikuwa nawafukuza kwa mawe kila asubuhi, nashangaa wamependa nini kwangu.

Mawazo ya kwanza, nisiseme uongo, yalikuwa ya kijinga: kumbe mapishi yangu ameyadharau. Kisha nikatazama njia ya kwenda chooni. Tope lote lile, kuanzia mlango wa mama, kupita kwenye rimu na springi, mpaka choo, lilikuwa na alama za buti zangu tu. Ndala za mama hazikuwepo hata moja.

Sitaandika zaidi ya hapo, maana ni mama yangu. Itoshe kusema mtu asiyeona, kwenye uani uliojaa vyuma vyangu, hakuna wa kumshika mkono, na anayeweza kumshika ni yule ambaye haruhusiwi hata kumtazama, aliamua njia moja tu. Asile. Asinywe. Asiyekula hana haja ya kwenda popote. Alikuwa anajiua kwa njaa polepole nyumbani kwangu ili asiniaibishe mimi, na mimi nimemfokea kwa sababu ya rangi ya ndege.

Nilikaa juu ya giaboksi, mvua inanipiga, nikalia. Mwanamume mzima. Na hofu ikanipanda juu ya aibu: mama huyu akifia mikononi mwangu kwa njaa, jiko langu likiwa linawaka, nitamwambia nini mke wangu? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema ni nani anayeumbuka mgonjwa akiwa mama mkwe wako.

Wazo la kwanza lilikuwa kumwita jirani, mwanamke mwenzake aje amsaidie. Nikafika mpaka kwenye uzio wake, nikarudi. Jirani ni mtu mwema, lakini mdomo wake ukishapata habari, kufika jioni habari iko Tunduma mjini, na Jumapili iko kanisani. Mama ameficha macho yake kwa mtoto wake wa kuzaa, nimwanike mimi?

Nikaanza na vyuma. Nilihamisha rimu zote, springi zote, nikayaburuza madifu kwa mtaimbo, nikasukuma ile giaboksi mpaka kiuno kikaniambia basi. Vitu vile nilikuwa navipenda kama ng'ombe wangu, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu vimemfungia mlango. Njia ilipokuwa tupu, nikachukua kamba ya kufungia turubai la lori, ile nene ya mkonge. Nikaifunga kwenye mwimo wa mlango wa mama, usawa wa kiuno, nikaivuta kupitia nguzo ya jiko, nikaikaza kwenye mlango wa choo. Nikaipigapiga. Haiyumbi. Nikamwaga na changarawe chini, njia yote.

Kisha nikapika uji mzito, nikauweka kizingitini kando ya tenga. Sasa maneno. Nilikohoa mara nyingi kuliko kawaida.

"We ndege," nikasema, "mwambie mama, mlangoni, mkono wa kulia, kuna kamba. Inaishia anakotaka kwenda, na njiani hamna kitu. Mwambie mimi naenda dukani, geti nafunga kwa nje, sirudi mpaka jioni. Na mwambie..." Nikakohoa tena. "Mwambie kosa la kufoka ni langu, yeye hana kosa."

Nikafunga geti, nikaenda dukani, nikakaa. Mteja akaja kutaka boliti nikampa nati. Akanitukana, sikumjibu, akaondoka ananiangalia kama mgonjwa.

Jioni nilifungua geti taratibu. Bakuli lilikuwa tupu, na nyuma ya nyumba kuku wamesimama wameduwaa, hawajapata kitu. Kamba ilikuwa na tope la viganja, kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikaigusa pale aliposhika, halafu nikaondoa mkono haraka kama mwizi.

"We ndege," akasema nyuma ya pazia, "mwambie mwenye nyumba kamba ni imara. Na mwambie asimwite mtu."

"Mwambie mama simwiti."

"Mwambie macho yalianza kama moshi umeingia ndani. Nikasema utatoka. Haukutoka. Sasa mtu unaendaje kwa mkweo na upofu mkononi? Watu si watasema mwanangu ameleta mzigo?"

"Mwambie mama, pengine ni mtoto wa jicho. Wanatoa hospitali, watu wanaona tena."

"Mwambie hilo tumwachie mwanangu, nitamwambia mwenyewe."

Baada ya hapo tukaongea, haki ya Mungu, kuliko nilivyowahi kuongea na mama yangu mzazi. Nikamsimulia yote niliyoambiwa juu ya membe: visiwa, usingizi wa angani, miaka bila kutua. Alicheka. "Maskini," akamwambia ndege, "mahali pote pa kukanyaga duniani, ukaja kukanyaga tope la Mpemba." Nililowanisha kapenta, zile dagaa zinazovushwa kutoka ng'ambo, nikamwekea kwenye kisahani. Mama akawa anamlisha kwa vidole. Siku ya kwanza alimeza kidogo. Siku iliyofuata alikataa. Mama akasema manyoya ya kifua yamebonyea, mfupa unatokeza.

Yeye mwenyewe lakini alikuwa anakula. Sahani zilirudi tupu na kuku wakahama.

Asubuhi moja nilipeleka uji, nikafunua kitambaa cha tenga lililokuwa kizingitini. Membe alikuwa amelala ubavu, bawa moja ametandaza, baridi. Nikasimama pale na bakuli mkononi. Nimwambie mama? Nitamwambia kupitia nani? Wa kumtuma ndiye aliyekufa. Na nikaogopa. Ndege akiondoka, maneno yataondoka naye, pazia litarudi kuwa ukuta, na mama atarudi kwenye haya yake na njaa yake. Nikafunika kitambaa.

"We ndege," nikasema kwa uongo, "mwambie mama uji huo hapo, una karanga."

Mkono ukatoka, ukavuta tenga ndani kwanza, kisha bakuli. Nikasikia kitambaa kinafunuliwa, kinafunikwa tena.

"We ndege," akasema, "mwambie mwenye nyumba nimeuona, ahsante."

Nikashusha pumzi. Tukaendelea hivyo. Mwambie mama mvua imekatika. Mwambie mwenye nyumba aanike godoro. Mchana nikawa napika mboga, yeye amekaa kwenye kizingiti nyuma ya pazia, tenga mapajani, ananielekeza.

"We ndege, mwambie mwenye nyumba chumvi yake huwa nyingi. Tangu mwanzo nilitaka kusema."

"We ndege, mwambie mama tangu mwanzo alikuwa anawapa kuku, chumvi kaijuaje?"

"Mwambie nilikuwa naonja!"

"Mwambie aonje na hii basi, aseme!"

Hatukusikia geti. Mke wangu alikuwa amesimama pale na mzigo kichwani, tope mpaka magotini, sijui kwa muda gani. Akatua mzigo. Akatazama uani pasipo na vyuma, akatazama kamba.

"Hii kamba ya nini?"

Mimi nikaangalia sufuria.

"Ni yangu," mama akasema nyuma ya pazia. "Macho yangu yamekwisha, mwanangu. Muda mrefu. Njoo ndani nikuambie."

Mke wangu akaingia mbio. Nikasikia kilio, nikasikia "mama, kwa nini hukusema," nikasikia mama anambembeleza yeye badala ya kubembelezwa. Wakakubaliana hospitali. Nikakoroga mboga ambayo ilikuwa imeshaiva zamani. Kisha kitambaa cha tenga kikafunuliwa.

"Mama! Mbona huyu ndege amekufa? Amekauka kabisa!"

"Najua," mama akasema. "Toka asubuhi. Nilipomshika alikuwa wa baridi."

Pazia likafunguliwa. Mke wangu akasimama mlangoni, tenga mikononi. Akanitazama mimi na mwiko wangu, akageuka akamtazama mama yake, akanitazama tena.

"Toka asubuhi?" akasema. "Na mimi nimesimama getini pale nawasikia mnabishana chumvi. Sasa mlikuwa mnaongea na nani?"

Mama akavuta kitenge, akajifunika uso wote. Mimi nikaweka mwiko chini, nikatoka kwenda kukaza kamba, na wala haikuwa imelegea.